Uwanja mpya Dodoma: bakuli lenye njia ya riadha, au mstatili wa mpira tu?

Uwanja wa mpira huuzwa kwa picha ya usiku: taa zimewaka, paa limezunguka kama ungo, na nje yamepangwa magari ambayo shabiki wa mzunguko hana. Picha hiyo haimwambii mtu wa safu ya 20 nyuma ya goli ataona nini saa 11 jioni mwezi wa Septemba, jua likiwa limeelekea Singida. Jibu liko kwenye mchoro wa mkato, ule unaoonyesha jukwaa limekatwa kama mkate na kuacha wazi kimo cha kila ngazi. Mashabiki wakishaupata huo, wanaweza kubishana na mhandisi bila kuona haya.

Hapa tunalinganisha aina mbili zinazorudi kila mara vijiweni. Ya kwanza tuiite Bakuli: viti 30,000, njia ya riadha ya mita 400 kuzunguka nyasi, na paa pande zote. Ya pili ni Mstatili: majukwaa manne yaliyonyooka, viti 12,000 kwa kuanzia, hakuna njia ya riadha, paa limeanza upande mmoja, na nafasi ya kuongeza imeachwa makusudi. Mfano wa kundi la kwanza ni Benjamin Mkapa pale Temeke, uliofunguliwa mwaka 2007 ukiwa na viti 60,000. Wa kundi la pili ni Azam Complex ya Chamazi, ambao hauna njia ya riadha na huchukua watu wapatao 10,000. Aliyekaa kwenye vyote viwili ameshaanza kuielewa tofauti hata kama hajui kuieleza.

Kwa klabu ya hapa, Mstatili ndio chaguo letu. Bakuli nalo lina hoja zake, na mbili kati yake ni nzito.

Umbali: njia ya riadha inakula nini

Njia ya kawaida ya mita 400 ina pande mbili zilizonyooka za mita 84.39, na kona mbili za nusu duara zenye nusu kipenyo cha mita 36.50. Mistari minane ya kukimbilia, kila mmoja mita 1.22, inafanya upana wa mita 9.76. Uwanja wa mpira wa mita 105 kwa 68 ukiwekwa katikati, mashabiki wa pembeni hawaumii sana: kuna mita 2.5 za pembezoni, halafu hizo 9.76, halafu kijia cha usalama. Safu ya kwanza inaanza kama mita 15 kutoka kwenye mstari wa pembeni.

Maumivu yako nyuma ya magoli. Kutoka mstari wa goli hadi ukingo wa ndani wa njia ni mita 26. Ongeza upana wa njia na nafasi ya walinzi, safu ya kwanza inaangukia mita 40 hivi. Kwenye Mstatili safu hiyo hukaa mita 7.5 kutoka golini.

| Nyuma ya goli | Bakuli | Mstatili |
|---|---|---|
| Safu ya kwanza hadi goli la karibu | mita 40 | mita 7.5 |
| Safu ya kwanza hadi goli la mbali | mita 145 | mita 112 |
| Safu ya 25 hadi goli la mbali | mita 164 | mita 132 |

Wasanifu wa viwanja huchukua mita 190 kama mwisho kabisa wa jicho kufuatilia mpira, kwa hiyo hakuna anayevunja kanuni hapo. Lakini kwa mita 164 hutajua nani kapiga kichwa kwenye kona mpaka mchezaji akimbie kushangilia. Na nyuma ya goli ndiko wanakokaa watu wa ngoma na vuvuzela, waliolipa tiketi ya bei ya chini na wanaopiga kelele kuliko wote. Bakuli linawatenga hao na golikipa wa wageni kwa mita 40 za hewa. Golikipa huyo atalishukuru.

Kuna dosari nyingine isiyosemwa. Pembe nne za uwanja wa mita 105 kwa 68 zinaingia kwenye mkunjo wa njia ya riadha. Ukipiga hesabu, kutoka kibendera cha kona hadi ukingo wa njia, ukienda kuelekea pembeni, inabaki mita 1 tu. Winga aliyekimbia kasi anatoka kwenye nyasi na kukanyaga zulia gumu la mpira akiwa na njumu. Ndiyo maana viwanja vya namna hii huwekewa vipande vya nyasi bandia kwenye kona, na mara nyingine uwanja wenyewe hupunguzwa urefu. Mchoro ukionyesha pembe hizo bila kipande chochote cha kukinga, aliyeuchora hajafika huko kwenye mawazo.

Ulaya wamelipia somo hili. Juventus walihama Delle Alpi, uwanja wa mwaka 1990 wenye njia ya riadha na viti karibu 69,000 ambavyo havikujaa, wakaubomoa na mwaka 2011 wakafungua pahali pale pale uwanja wa viti 41,000 usio na njia. Bayern waliondoka Olympiastadion mwaka 2005. Stuttgart waling'oa njia yao wakasogeza majukwaa. West Ham walifanya kinyume mwaka 2016, wakahamia uwanja wa Olimpiki wa London, na manung'uniko ya umbali hayajaisha hadi leo.

Ngazi: sentimita kumi zinazoamua kila kitu

Umbali peke yake hautoshi. Jukwaa la karibu lenye mwinuko mdogo ni baya kuliko jukwaa la mbali lililoinuliwa vizuri, na hapa ndipo Mstatili wa bei rahisi huharibika.

Kipimo chake ni hiki: macho yako yanapotazama mstari wa pembeni ulio karibu, yanapita sentimita ngapi juu ya macho ya aliye mbele yako? Sentimita 12 ni nzuri. Sentimita 9 zinakubalika. Sentimita 6 ni za kuvumiliana, na chini ya hapo unatazama kisogo. Hesabu yake inahitaji namba nne: umbali kutoka jicho lako hadi mstari wa pembeni (D), kimo cha jicho lako juu ya nyasi (R), kimo cha ngazi moja (N), na kina cha ngazi kutoka safu hadi safu (T). Jumlisha N na R, zidisha kwa D, gawanya kwa jumla ya D na T, kisha toa R.

Chukua Mstatili: D mita 8, R mita 2, T mita 0.8. Fundi akiweka ngazi za sentimita 20, jibu ni sifuri. Si sentimita sifuri na ushee, ni sifuri kamili: macho yako yamelingana na ya mwenzako. Akipandisha hadi sentimita 30, jibu linakuwa sentimita 9. Kwenye Bakuli, kwa kuwa uko mita 15 nyuma, ngazi za sentimita 20 zinatosha kukupa hizo 9. Maana yake ni kwamba kadiri unavyosogea uwanjani ndivyo jukwaa linavyotakiwa kusimama zaidi, na mkandarasi anayebana zege ataanza kubania hapo hapo, kwenye kimo cha ngazi, kwa sababu hakionekani pichani.

Basi ukichagua Mstatili, dai ngazi zisizopungua sentimita 30 chini na zinazopanda hadi 40 hivi juu. Zaidi ya nyuzi 34 za mwinuko usikubali, wazee watashindwa kushuka. Kwenye vijia vya kupitia, ngazi ya sentimita 30 lazima igawanywe kuwa vidaraja viwili vya 15. Kidaraja kimoja cha 30 ndicho kinachovunja watu miguu mpira ukiisha. Kina cha safu kisipungue sentimita 80. Wanaopendekeza 70 wanataka kuongeza safu tatu za tiketi, na magoti yako ndiyo yatakayolipa.

Uzio je? Wavu wa mita 2.4 mbele ya safu ya kwanza huziba safu sita au saba za chini hata kama hesabu yote ya juu ni sahihi. Kuinua safu ya kwanza hadi kimo cha kifua cha mtu juu ya nyasi, na kuweka ukuta mfupi na walinzi, hufanya kazi ile ile bila kumfunga shabiki kama kuku.

Jua na upepo, ambavyo Dodoma haina uhaba navyo

Watu wa Dar hujadili paa kwa sababu ya mvua. Dodoma hupata takriban milimita 570 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Hapa paa ni la jua, na jua halina huruma ya usawa: linapendelea upande.

Uwanja ulazwe kaskazini kwenda kusini, magoli yakiwa kwenye ncha hizo. Kiwanja kikilazimisha mashariki na magharibi, golikipa anayetazama magharibi atadaka mipira ya juu akiwa ameziba macho kwa mkono kipindi chote cha pili. Jukwaa kuu likae magharibi, watu wakilipa jua kisogo.

Sasa hesabu ya paa. Mwezi Machi na Septemba, saa 10 jioni, jua la Dodoma liko nyuzi 39 hivi juu ya upeo wa macho. Saa 11 limeshuka hadi 24. Saa 12 liko kama 9. Tuseme paa la jukwaa la mashariki lina ukingo ulio mita 16 juu ya nyasi, sawa na safu ya kwanza, na jukwaa lina safu 25. Saa 10, safu 14 za mbele ziko juani. Saa 11, safu 20. Saa 12 hakuna aliye kivulini hata mmoja, ingawa wote wako chini ya paa. Paa la mashariki kwa mechi za jioni ni kofia iliyovaliwa kisogoni. Fedha yake ingejenga vyoo, visima na vyumba vya kubadilishia nguo, na bado chenji ikarudi.

Hapo ndipo paa la Bakuli, lile la kuzunguka pande zote, linapopoteza sehemu kubwa ya maana yake katika mji huu. Upande wa kaskazini na kusini hupata nusu ya faida. Upande wa magharibi unapata yote. Mstatili wenye paa la magharibi peke yake umelipia kivuli kinachofanya kazi. Mechi zikiwa nyingi za usiku, hoja hii hulegea, lakini hapo ni gharama ya taa na umeme kila wiki.

Paa la magharibi lina deni lake uwanjani. Kivuli chake, kwa ukingo wa mita 16, kinaingia mita 12 ndani ya nyasi saa 10 na mita 28 saa 11, karibu nusu ya uwanja. Kamera za televisheni huteseka: nusu nyeupe, nusu nyeusi. Wachezaji nao huona mpira ukitoka kizani. Hakuna dawa kamili, ila kuanza mechi mapema au kuchelewa.

Nguzo za mbele? Paa linaloshikiliwa na nguzo safu ya mbele ni rahisi na fundi yeyote wa vyuma analiweza, lakini kila nguzo inafuta goli kwa mtu fulani. Paa la kuning'inia kutoka nyuma linataka msingi mzito na vyuma vinene nyuma ya jukwaa. Hapa usibane.

Na upepo usisahauliwe. Kiangazi upepo wa Dodoma huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini mashariki, na jukwaa la magharibi limefungua mdomo wake huko huko. Upepo unaingia chini ya paa na kulisukuma juu kama mtu anayefungua mwavuli. Paa halianguki, linang'oka. Mabati huanza kutoka kwenye pembe na ukingo wa mbele, hivyo skrubu za maeneo hayo ziwe karibu zaidi kuliko za katikati, na bolti za msingi zipigiwe hesabu ya kuvutwa juu, si ya kubeba uzito tu. Acheni uwazi wa nusu mita au zaidi kati ya kichwa cha ukuta wa nyuma na paa: unapunguza msukumo na kutoa joto la bati. Ukuta wa nyuma uliozibwa hadi juu, picha inapendeza na safu za juu zinageuka jiko.

Nyasi na maji

Hili ndilo linaloua viwanja vya mikoa ya kati, na ndilo lisiloonekana kwenye mchoro wowote kati ya hii miwili. Bakuli na Mstatili hapa vina tatizo moja. Tofauti ni fedha iliyobaki ya kulitatua.

Eneo la nyasi pamoja na pembezoni ni kama mita za mraba 8,000. Kiangazi linataka milimita 5 za maji kwa siku, yaani lita 40,000. Hayo ni maboza manne ya lita 10,000 kila siku, kuanzia Mei hadi Novemba. Bomba la mji halipaswi kubeba mzigo huo wakati mitaa inapata maji kwa mgao. Kwa hiyo kisima chenu, tangi lisilopungua mahitaji ya siku mbili, na pampu ya akiba.

Maji ya visima vya Dodoma mengi yana chumvi. Yapimwe kabla ya kuchagua mbegu. Ukoka ule wa kuboreshwa kwa ajili ya viwanja huvumilia chumvi kiasi na jua kali. Paspalamu, aina nyingine ya nyasi za viwanja, huvumilia chumvi zaidi. Dalili ya chumvi ni ukungu mweupe juu ya udongo na ncha za majani kuungua. Dawa yake ni kumwagilia kwa wingi mara moja kwa kipindi ili chumvi izame, na hilo linawezekana tu kama chini kuna njia ya maji kutoka. Ndipo tunafika kwenye tabaka: mabomba yenye matundu kila baada ya mita 5, sentimita 10 za kokoto, sentimita 30 za mchanga uliochaguliwa na kuchanganywa na mboji kidogo, na mteremko mdogo wa asilimia 0.5 hadi 1. Kosa la kawaida ni kumwaga udongo mwekundu juu ya kifusi kilichoshindiliwa, kupanda nyasi na kupiga picha. Mwaka wa kwanza ni kijani. Mwaka wa pili mizizi imekwama sentimita 5 chini, uwanja mgumu kama barabara, mpira unadunda juu ya magoti.

Nyasi bandia zinajaribu, na si aibu kuzifikiria. Hazinywi lita 40,000. Zinachezewa kutwa, wakati nyasi asili zilizotengenezwa vizuri huvumilia takriban saa 6 hadi 8 za mpira kwa wiki. Lakini chini ya jua la saa 8 mchana uso wake hupita nyuzi 60 za sentigredi, na kabla ya mechi utamwagilia tu ili zipoe. Vumbi la Dodoma linajaza punje za mpira zilizo kati ya nyuzi za nyasi, linashindilia, uwanja unakuwa mgumu na maji hayapiti. Kapeti hupigwa brashi kila wiki na kuongezewa punje, na baada ya miaka 8 hadi 10 hung'olewa lote. Klabu nyingi huweka fedha ya kulinunua na kusahau fedha ya kulibadilisha.

Mpango wetu ni nyasi asili uwanja mkuu, na uwanja mdogo wa nyasi bandia jirani kwa mazoezi na timu za vijana. Mchanganyiko wa nyasi asili na nyuzi za plastiki zilizodungwa kwa mashine ni mzuri kweli, ila mashine na mafundi wake wako mbali, acheni.

Bakuli lina hoja moja hapa. Paa lake la mita za mraba 15,000 linaweza kukinga zaidi ya mita za ujazo 7,000 za mvua kwa mwaka. Paa la magharibi la Mstatili, mita 100 kwa 20, linakinga kama 970, sawa na siku 24 za kumwagilia. Kwenye karatasi Bakuli limeshinda. Shida ni kwamba mvua yote inakuja miezi mitano ambayo nyasi hazihitaji kumwagiliwa sana, na kuihifadhi hadi Agosti kunataka bwawa lililofunikwa, ambalo halimo kwenye picha. Maji ya paa yaende vyooni.

Viti 30,000 vya nani?

Simba au Yanga wakija Dodoma, watu hawatoshi. Wiki ijayo akija mgeni asiye na jina, jukwaa la zege linakuwa na kivuli cha shabiki mmoja mmoja. Uwanja wa klabu hupangwa kwa mechi ya kawaida, kisha huongezewa nafasi ya mechi kubwa. Ukiupanga kwa mechi mbili za mwaka, mechi zilizobaki zote unacheza kwenye mwangwi, na kila kiti kisichokaliwa bado kinafutwa vumbi. Mji ukishapata uwanja mkubwa wa serikali, mechi hizo mbili zinaweza kuhamishiwa huko.

Mstatili unakuwa na maana iwapo tu upanuzi umechorwa tangu siku ya kwanza. Nyuma ya jukwaa la mashariki na ya magoli ziachwe mita 25 wazi. Msijenge hapo transfoma, tangi la maji, wala shimo la maji taka, kwa maana vitu hivyo vitatu ndivyo vinavyozuia upanuzi kuliko ukosefu wa fedha. Pembe nne zibaki wazi. Ni njia ya upepo kwa nyasi, ya gari la wagonjwa na zimamoto, na ndizo zitakazojengwa mwisho.

Kuhusu milango, mwongozo wa Waingereza ambao wengi huuiga unahesabu watu wasiozidi 660 kwa saa kwa mlango mmoja wa kuzunguka. Watu 12,000 wakiingia ndani ya saa moja ni milango 19. Watu 30,000 ni 46. Na hayo ni mahesabu ya siku njema: kisomeo cha kadi kikigoma au mtandao ukikatika, foleni inajikunja hadi barabarani, kwa hiyo nje ya milango kuwe na eneo pana lisilo na mfereji wala ukuta wa kubana watu. Kutoka, ngazi zenye upana wa mita 1 hupitisha watu 66 kwa dakika, na lengo ni jukwaa kuisha ndani ya dakika 8. Jukwaa la watu 3,000 linataka upana wa jumla wa mita 6: ngazi tano za mita 1.2 kila moja. Hesabuni kwenye mchoro. Milango ya kutokea ifunguke kwa nje, na isiwe na kufuli wakati watu wako ndani. Januari 2022, kwenye uwanja mpya wa Olembe kule Yaoundé, watu 8 walikufa langoni siku ya mechi ya Kombe la Afrika, na rais wa CAF, shirikisho la mpira la Afrika, alisema lango lililopaswa kuwa wazi lilikuwa limefungwa. Uwanja ulikuwa wa kisasa.

Taa ni fupi kueleza. Ukisimama katikati ya uwanja, taa zisiwe chini ya nyuzi 25 machoni. Mlingoti ulio mita 90 kutoka katikati unahitaji urefu wa mita 42; Bakuli likiusukuma hadi mita 120, unakuwa mita 56, na msingi wake unakua kuliko urefu. Kwenye jukwaa la magharibi la Mstatili, taa zinakaa ukingoni mwa paa.

Viti vya plastiki viwe na kinga ya mionzi ya jua, la sivyo bluu inakuwa kijivu na kiti kinapasuka mtu akikikalia kwa nguvu. Vifungwe kwenye uso uliosimama wa ngazi, si kwenye sakafu, ili fagio na maji vipite chini.

Pale Bakuli linaposhinda

Hoja nzito ya kwanza ni nani analipa. Fedha zikitoka halmashauri au serikalini, uwanja ni wa shule na wanariadha pia, na kanda hii ina watu wa mbio: Alphonce Simbu, aliyetwaa dhahabu ya dunia ya marathoni jijini Tokyo mwaka 2025, ni wa Singida. Kumwambia kijana wa mita 800 aendelee kukimbia kwenye vumbi ili shabiki wa mpira asogee mita 30 ni neno gumu. Jibu lake ni njia ya riadha ya mazoezi, jirani, yenye jukwaa dogo la watu 1,000 au 2,000. Inataka eneo la mita 177 kwa 93, na mashindano mengi ya riadha nchini hayahitaji zaidi ya hapo. Kama kiwanja hakina nafasi ya vyote viwili na riadha haina mahali pengine mjini, basi Bakuli lina haki, na klabu ikubali kuwa mpangaji.

Ya pili ni kipato cha siku zisizo na mpira: mikutano, matamasha, ibada kubwa. Bakuli huingiza watu wengi, na jukwaa la wasanii likiwekwa juu ya njia ya riadha halikanyagi nyasi. Kwenye Mstatili lori la vyuma litapita juu ya nyasi, na bila mabamba ya kufunikia, alama za matairi utaziona msimu mzima.

Eneo lenyewe mara nyingi ni uamuzi wa ardhi iliyopo. Nzuguni pana stendi kuu ya mabasi na barabara ya Morogoro, hivyo mgeni na mwenyeji wote wanafika kwa daladala au bajaji. Katikati ya mji watu wanatembea kwa miguu ila nafasi ni finyu. Popote pale, udongo uchimbwe mashimo ya kupimwa. Udongo mweusi wa mbuga huvimba masika na kupasuka kiangazi, na msingi wa juu juu utainua kona moja ya jukwaa huku nyingine ikizama. Bakuli ni muundo mmoja ulioungana, kwa hiyo linaugua lote. Majukwaa manne yaliyoachana yanaugua moja moja.

Mkutano wa mashabiki ukiitwa, ombeni karatasi tano kabla ya kupiga kura: mkato wa kila jukwaa wenye vimo vya ngazi, ramani inayoonyesha kaskazini, mchoro wa tabaka za nyasi, ripoti ya udongo, na kipimo cha kisima. Hicho cha mwisho kiwe kimefanywa Oktoba au Novemba, pampu ikivuta saa 24 mfululizo. Kisima kilichopimwa Machi hujaza tangi mbele ya wageni waalikwa.